Mwanachama Wetu Anasomea Udaktari wa Elimu

Hotuba kwa semina ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia



Nimeombwa niongee juu ya jambo ambalo kwa kawaida halifiki katika semina zetu. Sisi tumezoea kuongea juu ya mbuzi wa maziwa, matangi ya maji, mikopo na merigoraundi. Lakini siku hizi vikundi vyetu vina walimu wakuu, wakufunzi wa vyuo vya ualimu na maafisa wa elimu, na baadhi yao wameanza kusomea shahada inayoitwa udaktari wa elimu. Wengine wamefanyiwa harambee. Wengine wameomba mkopo wa kikundi. Ndipo mweka hazina mmoja akaniuliza, "Huyu mwalimu wetu akimaliza, atatutibu?" Watu walicheka, lakini mimi niliona ni swali la maana. Mtu akitoa pesa yake ana haki ya kujua inanunua nini.

Jibu fupi ni kwamba hatatibu mtu. Jibu refu ndilo nimekuja nalo. Mimi nina diploma ya kazi za jamii, sina udaktari, na sidai kuwa nao. Lakini kazi yangu imenikalisha na watu wengi wanaosoma wakiwa wazee wa nyumba zao, na nimeona wapi wanakwama. Wengi hukwama mahali ambapo sisi tuliobaki nyumbani tunadhani mambo yameenda vizuri.

Kuna madaktari wa namna mbili katika mambo ya elimu. Wa kwanza ni yule mwenye PhD. Huyo anafanya utafiti mkubwa, kwa kawaida ili aongeze elimu katika vitabu vya wasomi wenzake. Wa pili ni yule anayefanya udaktari wa kitaaluma. Huyu haachi kazi. Anabaki mwalimu mkuu wake, anabaki afisa wake, na kile anachochunguza ni shida ya kazi yake mwenyewe.

Shahada hii haikuanza jana. Kule Marekani, Chuo Kikuu cha Harvard kilitoa udaktari wa elimu wa kwanza mwaka 1921. Uingereza ilichelewa. Chuo cha kwanza kuuanzisha huko kilikuwa Bristol, mwaka 1992, na vingine vikafuata haraka. Tangu zamani pamekuwa na ubishi kama kweli unatofautiana na PhD, na Harvard wenyewe mwishowe waliuacha wakaweka PhD mahali pake. Mwaka 2007 vyuo kadhaa vya Marekani vilikaa pamoja chini ya mpango unaoitwa Carnegie Project, wakaulizana udaktari huu wa watu wa kazini ni wa nini hasa. Jambo moja walilolisisitiza ni kwamba mwanafunzi aanze na tatizo la kweli la kazi yake, si na jambo alilolipenda kwenye kitabu. Hilo mlishike, kwa sababu nitalirudia.

Hapa Kenya walimu wetu wengi husoma PhD ya elimu, na hiyo pia katika vyuo vyetu vingi huanza na masomo ya darasani kabla ya utafiti. Kwa hivyo haya nisemayo yanawahusu wao pia. Lakini nitatumia mfano wa udaktari wa kitaaluma wa Uingereza, maana huko hatua zake zimepangwa wazi na kuna wenzetu wanaoufanya wakiwa hapa hapa nyumbani, kwa intaneti na kwa kusafiri mara chache.

Hatua ya darasa

Kwa wengi, safari yote ni miaka minne mpaka sita au saba, mtu akisoma huku anafanya kazi. Ya kwanza ni hatua ya darasa, kama miaka miwili. Ya pili ni hatua ya tasnifu, yaani kile kitabu kikubwa cha utafiti wake. Katika hatua ya darasa mwanafunzi anakutana na wenzake na wahadhiri, labda wikendi kadhaa kwa mwaka au kupitia kompyuta, na kwa kila somo anaandika insha ndefu. Vyuo vingi hutaka maneno elfu tano au zaidi kwa insha moja. Hizo ni kurasa ishirini hivi zilizopigwa chapa kwa nafasi pana. Masomo yenyewe hayatofautiani sana kutoka chuo hadi chuo: moja juu ya taaluma na wewe mwenyewe kama mtu wa taaluma, moja juu ya sera za elimu, moja au mawili juu ya njia za utafiti, na mwisho anatayarisha pendekezo la utafiti. Pendekezo likikubaliwa, anaingia hatua ya pili.

Mkisikia hivyo mnaona ni kama shule ya kawaida, kuna darasa, kuna alama, kuna tarehe ya kupeleka kazi. Na hapo ndipo hatari ilipo. Mwalimu anafurahi, anapata alama nzuri, anapita somo moja baada ya jingine, na kikundi kinapiga makofi. Kumbe darasa hilo linamwandaa kwa wakati ambao hakutakuwa na darasa, na akilichukua kama shule tu atafika mwisho wake mikono mitupu.

Nianze na mshangao wa kwanza. Mtu amekuwa mwalimu miaka ishirini. Amesahihisha madaftari elfu na elfu. Sasa yeye ndiye anarudishiwa karatasi ina maandishi mekundu pembeni: "Unajuaje?" "Nani amesema?" "Hii ni maoni yako au ni ushahidi?" Inauma. Mama mmoja, mwalimu mkuu, aliniambia alikaa wiki nzima bila kuifungua tena ile karatasi. Lakini yule mhadhiri hakuwa anamdharau. Alikuwa anamvuta atoke katika lugha ya ripoti aingie katika lugha ya hoja. Katika ripoti kwa afisa wa elimu unaandika, "Nidhamu imeshuka, hatua zimechukuliwa." Yanaishia hapo, na afisa anaridhika. Katika insha ya udaktari utaulizwa: nidhamu maana yake nini? Imeshuka kwa kipimo gani? Wanafunzi wenyewe wanaiita nini? Wewe uliye na kiboko au uliyekiweka chini, unaonaje jambo hili tofauti na mtoto aliye nyuma ya darasa?

Kuna msomi wa Marekani, Donald Schön, aliyeandika mwaka 1983 kitabu juu ya mtu wa kazi anayejitazama akiwa kazini. Alisema mtu mzoefu anajua mengi kuliko anavyoweza kueleza, na anaweza kujifunza kuyatazama hayo anayoyajua. Kitabu hicho kinasomwa sana katika kozi hizi. Ndiyo sababu insha ya kwanza mara nyingi inamtaka mwanafunzi aandike juu yake mwenyewe na kazi yake. Watu wa umri wetu huona aibu. Tumefundishwa kutojisemea. Lakini si kujisifu kunakotakiwa. Ni kusema: mimi nimesimama hapa, na kutoka hapa naona hivi, na hivi sivioni.

Jambo hili vikundi vyetu vinalijua

Sasa nisikilizeni, hasa nyinyi wazee. Mnakumbuka mafunzo ya DELTA? Katika miaka ya 1970 Anne Hope na Sally Timmel walifanya kazi hapa Kenya wakifundisha viongozi wa maendeleo wa majimbo yetu, wakitumia mawazo ya Paulo Freire wa Brazili. Baadaye, mwaka 1984, vitabu vyao vya Training for Transformation vilianza kutoka, na wafanyakazi wa jamii wengi wamevibeba mpaka vimechanika.

Walitufundisha nini? Kwanza, usianze na jibu. Nenda usikilize. Watu wanaongea juu ya nini wakiwa sokoni, kisimani, ndani ya matatu? Ni jambo gani linawafanya wapaze sauti au waogope? Pili, chukua jambo hilo ulionyeshe kwa picha au mchezo mfupi ambao hauna jibu ndani yake, halafu uwaulize watu, "Mnaona nini? Kwa nini kinatokea? Je, kwetu kipo?" Hivyo hivyo tulijua kwamba shida ya kisima haikuwa maji peke yake, ilikuwa pia ni nani anashika ufunguo.

Freire huyo huyo anasomwa na mwalimu wetu katika udaktari. Kuuliza "kwa nini" mara nyingi mpaka ufike kwenye mzizi, ndiko wahadhiri wanakomtaka afanye, ila wao wanataka akuandike kwa utaratibu na aseme nani mwingine ameuliza kabla yake. Kwa hivyo mwanachama wenu akija analalamika kwamba kozi ni ngumu, mwambieni alete swali lake kwa kikundi. Nyinyi mnaweza kulipima. Nimeona mama mzee asiyesoma kitabu akiuliza swali moja lililomfanya mwanafunzi wa udaktari aanze insha upya.

Swali moja litembee masomo yote

Kama ningekuwa na nafasi ya kusema jambo moja tu kwa anayesoma, ningesema hili: chagua shida moja mapema, utembee nayo katika masomo yote ya darasani. Wengi hawafanyi hivyo. Somo la kwanza wanaandika juu ya nidhamu, la pili juu ya chakula shuleni, la tatu juu ya kompyuta. Kila insha inapita, lakini miaka miwili ikiisha wana insha nne zisizojuana, na tasnifu inaanza kutoka sifuri.

Tuchukue mfano. Mnajua kwamba Januari 2023 watoto wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 7, na serikali ikaweka sekondari msingi, ile tunaita JSS, ndani ya shule za msingi. Ghafla mwalimu mkuu wa shule ya msingi akajikuta ana walimu wa namna mbili katika uwanja mmoja. Tuseme mwalimu mkuu mmoja anaanza udaktari na kusema, "Nataka kuchunguza matatizo ya JSS." Hayo ni malalamiko, bado si swali. Hata akiishi miaka mia hawezi kuyamaliza.

Katika somo la kwanza, lile la taaluma, anaandika juu yake mwenyewe: mimi nilifunzwa kuongoza shule ya msingi, sasa naongoza walimu wenye digrii ambao wengine wanaona si mkubwa wao. Hapo tayari anaona kwamba kinachomsumbua si maabara wala madarasa. Ni maamuzi, yaani nani anaamua nini. Katika somo la sera anafuata karatasi za serikali: jopo la rais la kurekebisha elimu lililoundwa mwaka 2022, ripoti yake ya mwaka 2023, barua za wizara na za Tume ya Huduma ya Walimu. Anaangalia zinasema nini juu ya uongozi, na wapi zinanyamaza. Pale zinaponyamaza ndipo walimu wanagombania. Katika somo la njia za utafiti anafanya zoezi dogo: anahoji wenzake wawili wa shule nyingine, anajifunza kwamba maswali yake yalikuwa na majibu ndani yake, kama yule anayeuliza, "Je, si kweli kwamba walimu wa JSS wana kiburi?" Anayabadilisha. Akifika kwenye pendekezo, swali lake limekuwa dogo na kali: katika shule tatu za kata hii, maamuzi juu ya ratiba na vifaa hufikiwaje kati ya walimu wa msingi na wa JSS, na wenyewe wanaelezaje?

Mnaona? Insha nne, lakini zote zinapalilia shamba moja. Kurasa nyingi alizosoma zitamfaa tena. Lazima awe mwangalifu tu asichukue maneno yake ya insha iliyokwisha kusahihishwa akayabandika katika tasnifu bila kusema, maana vyuo vina kanuni juu ya hilo. Kijitabu cha kanuni cha chuo kisomwe mapema. Humo ndimo mtu anajua kama akianguka somo anaruhusiwa kurudia, na kama akiacha baada ya hatua ya darasa atapewa cheti kidogo au ataondoka bila kitu. Vyuo vingine hutoa cheti hicho, vingine hapana.

Juu ya kusoma, sitasema mengi. Orodha ya vitabu itakuwa ndefu kuliko maisha yake. Asome akitafuta jibu la swali lake, na kila kitu anachosoma aandike papo hapo jina la mwandishi, mwaka na ukurasa. Usiku wa kutafuta ukurasa uliopotea ni mrefu sana. Na aandike kidogo kila siku, hata nusu ukurasa saa kumi na moja alfajiri kabla ya kukamua, badala ya kungoja likizo. Likizo zetu zina matanga, harusi na mavuno.

Kuna kishawishi kimoja ambacho sipendi kukinyamazia. Mnajua vijana wetu wengi waliosoma na kukosa kazi wamekuwa wakiandikia wanafunzi wa Ulaya na Marekani insha kwa malipo. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2022 ikiifanya biashara ya kuwauzia wanafunzi insha kuwa kosa nchini England. Siku hizi pia kuna programu za kompyuta zinazoandika zenyewe. Mwalimu aliyechoka, ana tarehe kesho, anaona mlango uko wazi. Mbali na kufukuzwa, kuna jambo jingine: hatua ya darasa ni mazoezi. Ukimlipa mtu akukimbilie mazoezi, siku ya mashindano miguu ni ile ile yako.

Darasa linapoisha

Narudi kwenye ile hatari niliyotaja. Katika hatua ya darasa mwanafunzi ana wenzake. Wanalalamika pamoja, wanapeana vitabu, mmoja akichoka mwingine anampigia simu. Ni kama chama. Halafu pendekezo linakubaliwa, kila mtu anapewa msimamizi wake, na chama kinavunjika bila mtu kutangaza. Hakuna tena tarehe ya insha. Mwezi unapita, msimamizi hajaulizwa kitu naye hajauliza. Mwaka unapita. Marekani wana jina la watu hawa, wanawaita ABD, maana yake amemaliza yote isipokuwa tasnifu. Ukiwa na jina lako maalumu ujue mko wengi.

Sisi watu wa vikundi tunajua dawa yake, kwa sababu tumeona pesa ya mtu mmoja ikishindwa kununua ng'ombe na ya watu kumi ikinunua. Mwanafunzi asingoje darasa liishe. Wakiwa bado pamoja, achague wenzake watatu au wanne wanaoaminika, wapange siku moja ya mwezi isiyobadilika, na wafanye merigoraundi. Badala ya pesa, kinachozunguka ni kusomewa. Mwezi huu wote wanasoma kurasa kumi za Fulani na kumwambia ukweli, mwezi ujao za mwingine. Asiye na kurasa alete mbili. Asiye na mbili aje aeleze kwa nini. Faini si lazima, lakini nimesikia kundi moja lililoweka faini ya kununua chai, na likafanya kazi.

Tena autumie wakati wa darasa kuwatazama wahadhiri. Yupi anajibu barua? Yupi anasoma kazi mpaka mwisho? Yupi anakosoa bila kumvunja mtu? Siku ya kupewa msimamizi, vyuo vingine humuuliza mwanafunzi anataka nani, na asiyejua atapewa yeyote aliye na nafasi.

Nyumbani na kwa mweka hazina

Sasa kuhusu pesa. Kamati ya mikopo ikipata ombi la karo ya udaktari, isitazame karatasi ya mwaka wa kwanza peke yake. Ombeni barua ya chuo inayoonyesha karo ya miaka yote, pamoja na ile ya hatua ya tasnifu. Watu wengi hudhani darasa likiisha karo nayo imeisha. Haiishi. Mwanafunzi anaendelea kulipa kila mwaka ambao jina lake liko kwenye kitabu cha chuo, na akichelewa analipa zaidi. Mimi ningependa mkopo utolewe kwa vipande: kipande cha hatua ya darasa, kisha kipande kingine pendekezo likikubaliwa na barua yake ikiletwa. Na urejeshaji upangwe kwa mshahara alio nao leo. Msipange kwa cheo mnachotumaini atapata, maana udaktari hauleti cheo kwa lazima.

Kuna jambo dogo lakini linaumiza. Tunapenda kumwita mtu "Daktari" tangu siku ya harambee. Kila mkutano, "Daktari, karibu mbele." Mwaka wa tatu bado, wa tano bado. Jamaa anaanza kukosa mikutano. Kisha anakosa michango. Watu wanasema amekuwa na maringo, kumbe ana aibu. Mwiteni jina lake au cheo chake cha siku zote mpaka amalize. Na mkimuuliza habari ya masomo, msiulize, "Utamaliza lini?" Ulizeni, "Uko sehemu gani?" Swali hilo anaweza kulijibu.

Kwa mama anayesoma mzigo ni mara mbili. Mume anayesoma hufungiwa mlango wa chumba na watoto wanaambiwa wanyamaze. Mama anayesoma anafunguliwa mlango kila dakika kumi. Nalisema wazi hata kama kina baba mtaniangalia vibaya. Kikundi kimoja cha kina mama kilikubali kumwondolea mwenzao zamu ya kupika kwenye shughuli kwa wiki mbili kabla ya kila tarehe ya insha, naye akazilipa zamu zake wakati wa likizo. Hakuna shilingi iliyotoka. Waliziandika katika kitabu cha zamu tu.

Akija na karatasi za kutuhoji

Mwisho nataka kuongea juu yenu wenyewe, maana siku moja mwanachama huyu atakuja kwenu si kuomba mkopo bali kuomba kuwahoji. Anaweza kuja hata katika hatua ya darasa, kwa lile zoezi dogo la njia za utafiti. Msiseme ni zoezi tu. Hata kwa zoezi la kuhoji watu, chuo kinatakiwa kiwe kimemruhusu, na mnaweza kuomba kuona barua. Kwa utafiti wenyewe hapa Kenya anahitaji pia leseni ya tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2013. Na tangu mwaka 2019 tuna sheria ya kulinda habari za mtu, ambayo inampa kila mmoja wenu haki ya kujua habari zake zinachukuliwa kwa kazi gani.

Utafiti wa mtu aliye ndani ni mgumu kuliko wa mgeni. Mgeni akija na daftari, tunaweza kumkatalia na maisha yanaendelea. Lakini anayekuhoji akiwa mwalimu mkuu wa mtoto wako, au mwenyekiti wa kamati yako ya mikopo, utakataaje? Utasema ndiyo kwa mdomo, na utamwambia yale anayotaka kusikia. Hapo amepoteza utafiti wake na wewe umepoteza uhuru wako. Ndiyo sababu katika hatua ya darasa wanafunzishwa maadili ya utafiti, na mwanafunzi mwema ataeleza atafanya nini ili mtu wa chini yake aweze kukataa. Pengine atamtuma mtu mwingine ahoji. Pengine atachagua shule isiyo yake.

Mwenyekiti hawezi kukubali kwa niaba ya wanachama wote. Anaweza kufungua mlango wa mkutano, lakini kila mtu anajisemea. Unaweza kukubali kuhojiwa na ukakataa kurekodiwa sauti. Unaweza kukataa picha. Unaweza kuanza na ukaacha katikati, na huna haja ya kutoa sababu. Uliza jina lako litaandikwa au litafichwa. Katika kijiji kidogo hata jina likifichwa, "mama mjane anayeuza samaki karibu na kanisa" kila mtu anamjua, kwa hivyo mwambie abadilishe na hayo. Asiyesoma asomewe karatasi yote kwa lugha anayoielewa, na asomewe na mtu asiyekuwa mhojaji.

Na matokeo yarudi. Andikeni katika daftari la mkutano kwamba amekubali kuja kuwasomea alichokipata, na mumwekee mwezi. Karatasi ya idhini huwa na nakala mbili. Moja anaondoka nayo, nyingine anabaki nayo aliyehojiwa, aiweke pamoja na kitambulisho chake.

Kama kuna maswali, tuanze na kina mama walio nyuma.